Mkono wa Baba Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Kidole cha tano kimegoma tena. Nimekifungua, nimekisafisha, nimekirudisha. Kimepiga mara tatu, kikagoma. Nimekitukana kimoyomoyo. Masunga, fundi mwenzangu, alicheka, kwa hiyo labda haikuwa kimoyomoyo sana.

Vidole viko vinane. Kila kimoja ni sumaku ya umeme inayosukuma kipande cha plastiki nilichokata kwenye ndoo mbovu. Plastiki inakwaruza uzi, uzi unalia. Laptop ndiyo inayoamuru kidole gani, lini, kwa nguvu kiasi gani. Chini yake kuna enanga mpya, ala ya nyuzi ya Wahaya, tuliyochongesha Igogo, hapa Mwanza. Kwa maneno ya ripoti ni enanga inayojipiga yenyewe. Kwa leo ni vidole saba na mgonjwa mmoja.

Dokta Magesa, mkuu wa karakana, amepita na kikombe chake cha chai. Wageni kutoka Dar wanakuja tarehe tatu mwezi ujao kuchagua ala ya kupeleka kwenye maonyesho. Tusipochaguliwa, chuo kina matumizi mengine ya chumba hiki. Ameuliza kama itaimba. Nimesema itaimba. Nimezoea kujibu kabla ya kufikiri.

Alhamisi, 6 Machi

Baba mdogo amekuja kutoka Kisesa. Ni mdogo wake marehemu baba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Anapiga enanga tangu alipokuwa mtoto huko Kagera. Mashine yote hii ni mkono wake. Mwaka mzima tumempima: tumemfunga waya kwenye vidole, tumempiga picha, tumemhesabu. Hajawahi kulalamika. Mimi ni Mhaya wa kwenye vyeti tu, Kihaya changu kinaishia kwenye salamu.

Leo ameinama juu ya mashine, akagusa uzi mmoja baada ya mwingine. Enanga yake yeye ina uzi mmoja tu, unaokwenda na kurudi mara nane juu ya mti uliochongwa kama karai refu. Ukikaza upande huu, upande wa pili nao unasikia. Kuilinganisha sauti ni kazi ya nusu saa, tena kwa mtu mvumilivu hasa. Mimi niliukata uzi. Nikatengeneza nyuzi nane, kila uzi na skrubu yake. Dakika mbili, kazi imekwisha.

"Umezitenganisha," alisema.

Nikamweleza habari za skrubu. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama alivyokuwa akiwaitikia wanafunzi wagumu.

Kisha akaisikiliza ikipiga. Akasema inapiga kama mtu anayehesabu magunia. Kidole chake cha pete kiliumizwa na panga kwenye migomba, kwa hiyo kinachelewa kidogo kuufikia uzi. Kwenye programu niliondoa kule kuchelewa. Niliona ni kosa. Yeye anasema wimbo unavuta pumzi hapohapo. Nimesema nitajaribu kurudisha kule kuchelewa. Nilikuwa nimekasirika, na nilijua kwamba sitajaribu.

Jumamosi, 15 Machi

Kisesa. Nimempelekea Baba mdogo dagaa na sabuni. Alikuwa ukumbini na enanga mapajani, akiilinganisha. Nimekaa nusu saa nikiangalia simu.

Watoto wake watatu, hakuna aliyejifunza. Mimi alijaribu kunifundisha nikiwa na miaka kumi, likizo ya Juni, nikakimbilia kwenye televisheni ya jirani. Hajawahi kunikumbusha. Leo ameniuliza kama mashine itaendelea kupiga yeye akishakufa. Nikasema ndiyo, Baba mdogo, itapiga miaka yote. Akatabasamu kidogo tu, akarudi kwenye uzi wake.

Kila mtu ananiuliza swali na kila mtu namjibu ndiyo.

Jumatano, 19 Machi

Tumemrekodi. Maiki mbili, milango imefungwa, feni imezimwa, jasho. Amepiga wimbo wa baba yake, ule wa mkwe aliyefika ukweni mvua ikinyesha na hakuna aliyesikia hodi yake. Hakurudia hata mara moja. Rekodi safi kuliko zote tulizowahi kupata. Nimeiweka kwenye flashi, kwa ajili ya kulinganisha na mashine.

Ijumaa, 28 Machi

Imepiga! Wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, vidole vyote vinane. Masunga amecheza nyuma ya meza kwa mabega kama yuko kwenye mashindano ya ngoma kwao. Dokta Magesa amenipa mkono.

Kule kuchelewa kwa kidole cha pete bado sijaweka. Hakuna atakayejua tofauti isipokuwa mtu mmoja.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepaka vanishi enanga yetu ili ing'ae mbele ya wageni. Haikauki, hewa nzito. Nimeacha dirisha la upande wa ziwani wazi, na taa kubwa ya karakana nimeiacha ikiwaka, nimeielekeza kwenye mti upate joto. Masunga alisema nifunge dirisha, mwezi umeandama juzi tu, wadudu wa ziwani watakuja. Nikamwambia mimi nimekulia Kirumba, sihitaji kufundishwa habari za wadudu. Tumefunga mlango saa kumi na moja, jua bado linawaka.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika kila kitu ili nisije nikajidanganya baadaye.

Nimefungua karakana saa moja asubuhi. Wadudu walikuwa wamekuja. Kila mtu wa Mwanza anajua wanavyokuja, wingu zima kutoka ziwani, moja kwa moja kwenye taa. Wamekufa juu ya mashine, unene wa kidole. Wamenasa kwenye vanishi. Wameingia ndani ya sumaku, wamejisaga, wamekuwa uji wenye mafuta. Harufu ya samaki waliochacha. Nimesimama na ufagio mkononi kama mjinga.

Nimesafisha kwa spiriti na mswaki. Masunga alipofika hakusema "nilikwambia". Ingekuwa afadhali angesema. Saa tatu vidole vitatu vilikuwa vinatembea. Vitano vilikuwa vimekufa. Wageni saa nne.

Masunga alishauri tuwaambie ukweli: wadudu wa ziwani wameharibu, tupeni siku tatu. Akasema hata hao wa Dar watacheka, watatuonea huruma. Nilimwambia akaongeze viti. Alipotoka tu nikachomeka flashi.

Enanga ina sauti ndogo, kwa hiyo spika ilikuwepo tangu mwanzo, chini ya meza. Nikainua plastiki zisiguse nyuzi. Nikafunika vidole vilivyokufa kwa kitambaa cheusi. Vitatu vilivyobaki viliruka juu, chini, tik tik tik. Na kutoka kwenye spika akapiga Baba mdogo.

Wageni waliinama mbele kusikia. Mama mmoja mwenye miwani alishika kifua. Dokta Magesa aliangalia dari. Nikasimama pembeni nimekunja mikono, nikifanya uso wa mtu mnyenyekevu.

Nilikuwa nimesahau kwamba nilimwalika Baba mdogo mwenyewe. Alikuwa mstari wa mbele, koti la kanisani, kofia magotini. Nilimwona katikati ya wimbo. Nilidhani amenigundua. Nikasubiri asimame aseme.

Alikuwa analia. Kidole cha pete kilikuwa kinachelewa, kila mara mahali pake, na yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa kila kinapochelewa.

Walipomaliza kupiga makofi alinijia, akanishika mikono yote miwili, akasema mbele ya watu wote:

"Mwanangu, umenisikiliza."

Nikasema asante, Baba mdogo.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Najichukia.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumechaguliwa. Keki, soda. Masunga hakula keki. Wakati wa kukusanya nyaya aliichomoa flashi mwenyewe, akaiweka mezani mbele yangu, taratibu. "Dada Koku, wale walikuja kuona kazi yetu," alisema. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Miaka minne tumekunywa chai pamoja saa nne kila siku. Leo amekunywa getini na mlinzi.

Jumapili, 6 Aprili

Mambo yamekuwa mabaya zaidi, tena kwa heshima zote.

Baada ya misa ya pili, hodi. Baba mdogo na wazee wawili wa ukoo wetu wanaoishi hapa mjini. Nikadhani kuna msiba. Wamekaa. Baba mdogo akatoa kikopo chake kilichosukwa, chenye kahawa ya kutafuna, akampa kila mtu punje mbili, na mimi pia. Kwetu kitu kikitolewa hivyo, kwa kahawa na mbele ya mashahidi, kimetolewa.

Kisha akafunua shuka. Enanga yake. Ile ya babu yangu.

Aliongea kama anasimamia paredi ya shule. Alisema alikuwa na hofu kwamba mkono wa baba yake utazikwa naye Kisesa, na usiku mwingi amemwomba Mungu juu ya jambo hilo. Sasa amesikia kwa masikio yake mkono huo ukipiga bila yeye, hata pale palipoumia. Kazi yake imekwisha. Vidole vinamuuma siku hizi. Anapumzika. Enanga ikae kwa Koku, aliyemsikiliza.

Wazee wakasema amina. Nilikuwa na kahawa mdomoni, chungu. Nilipaswa kusema palepale. Mashahidi walikuwepo, wangeshuhudia na hilo. Nimetafuna, nimemeza, nimepiga goti nikapokea kwa mikono miwili.

Walipoondoka nimeiweka juu ya kabati. Nikaishusha, nikaiweka chini ya kitanda. Nikaona aibu kuiweka chini ya kitanda. Imerudi juu ya kabati.

Jumanne, 8 Aprili

Nina mpango. Nikiweza kuifanya mashine ipige kweli vile, uongo utakuwa ukweli uliotangulia siku chache tu. Nimefumua sumaku zote nane. Masunga anasaidia. Ananipa bisibisi kabla sijaomba, halafu anageukia upande mwingine.

Jumatano, 9 Aprili

Jirani wa Kisesa amepiga simu. Baba mdogo anashinda amekaa tu ukumbini, redio imewashwa, mikono mapajani. Jirani anaona ajabu, saa kumi jioni, saa yake ya kupiga, hakuna sauti kutoka kwake. Aliuliza kama ni mgonjwa. Nikasema amestaafu.

Nikakata simu nikalia chooni kazini.

Jumamosi, 12 Aprili

Foleni ya kitubio ilikuwa ndefu, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka. Nilikuwa wa saba. Nikapanga maneno: nimedanganya kuhusu kifaa. Nikayasikia yalivyo madogo. Padri angenipa sala, ningesali, ningetoka mwepesi, na mzee bado amekaa na mikono mapajani. Nikiwa wa tatu nimetoka kwenye foleni. Mama aliyekuwa nyuma yangu alinipisha kwa huruma, sijui alidhani nimefanya nini.

Jumatatu, 14 Aprili

Imepona. Vidole vyote vinane, na nimeweka kule kuchelewa, kwa vipimo vya rekodi yenyewe, kila mahali alipochelewa. Nikabonyeza.

Masunga alisikiliza wimbo mzima, amefumba macho. Nilimtazama kama mtoto anayesubiri matokeo.

"Bado inahesabu," alisema. "Sasa inahesabu hadi na kilema."

Ni kweli. Nilikuwa nimeshasikia mwenyewe kuanzia mstari wa pili. Kumbe mzee hakuchelewa sawasawa. Anachelewa kulingana na uzi ulivyomjibu, na uzi wake ni mmoja, ukiguswa hapa unatikisika kule. Nyuzi zangu ni nane na kila uzi unajitegemea. Aliniambia tarehe sita Machi, kwa neno moja. Nilimjibu kuhusu skrubu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwambia Dokta Magesa. Nilisimama, hakuniambia nikae. Nilisema yote, na dirisha, na flashi, na viti alivyotumwa Masunga. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Masunga alijua kabla. Nikasema hapana. Amesema niandike barua kwa wale wageni kwa mkono wangu mwenyewe, naye ataiambatanisha na ya kwake. Hatutakwenda kwenye maonyesho. Kuhusu mimi, uongozi utaamua. Kuhusu chumba, hakusema.

Niliandika barua mara nne. Tatu za mwanzo zilikuwa zinalaumu wadudu.

Nilidhani nitajisikia nafuu. Sijajisikia. Aliyedanganywa hasa bado hajui.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimekwenda Kisesa asubuhi, kabla ya Njia ya Msalaba. Shikamoo. Marahaba, mama. Alifurahi kuniona, akataka kunipikia chai. Nikamwomba akae kwanza.

Nilimwambia wakati nimesimama. Kwamba mashine ilikuwa imeharibika. Kwamba aliyesikika siku ile ni yeye mwenyewe, wa tarehe kumi na tisa, kwenye flashi. Kwamba mashine haijawahi kupiga vile, wala nikiitengeneza haipigi vile. Kwamba nilipokea enanga nikijua.

Mikono ilikuwa mapajani, kama nilivyoambiwa. Akaitazama, ile mikono, akaigeuza viganja juu.

"Niliwaambia watu kwamba kuna mtu amenisikiliza," alisema. "Nilimwambia hadi padri."

Nilipiga magoti. Akasema niinuke, sakafu ni chafu. Halafu akasema niende nyumbani. Hakupandisha sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, ningeyapokea vizuri.

Sikwenda kanisani. Nimeketi barabarani Kisesa, juu ya kreti la soda, mpaka nikaweza kusimama.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimerudi Kisesa na enanga. Niliifunga kwa shuka lilelile, nikaibeba mapajani njia nzima. Nilitaka kumrudishia, nimwombe apige tena, niombe msamaha vizuri zaidi.

Hakuipokea. Alinikaribisha, alinipa maji, aliuliza habari za kazi. Lakini enanga hata hakuigusa. Amesema kahawa ilishatafunwa, wazee walishuhudia, na yeye si mtu wa kutoa kitu na kukichukua tena kama mtoto. Nikasema ilitolewa kwa uongo. Akasema uongo ulikuwa wangu, kutoa kulikuwa kwake.

"Ni yako, Koku. Hata kama hukuistahili, ni yako."

Nimeibeba tena. Watu waliniuliza njiani kama najua kupiga. Nikasema hapana.

Jumanne, 29 Aprili

Uongozi umeamua. Nimeondolewa uongozi wa mradi, Masunga ndiye anayesimamia hadi mwisho wa mwaka. Ni haki. Jambo la kwanza aliloagiza ni mti mpya na uzi mmoja mrefu, usiokatwa. Saa nne amesukuma kikombe cha chai upande wangu wa meza, bila kuniangalia. Nimekunywa haraka asije akabadili mawazo.

Jumapili, 4 Mei

Jirani wa Kisesa tena. Bado kimya. Amemwona akipapasa ukingo wa meza kwa vidole, saa kumi jioni, kisha akiviweka mfukoni.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua asubuhi, ikakatika. Nilikuwa nafua. Saa kumi kasoro, hodi.

Baba mdogo, peke yake, koti la kanisani. Shikamoo. Marahaba. Nilimkaribisha kwenye kochi, alichagua kiti kilicho karibu na mlango, pale wanapokaa wageni wasio wa nyumbani. Akaweka kofia chini. Nikaleta chai. Akanywa nusu. Tuliongea habari za mvua na bei ya maharage.

Kisha akanyoosha mgongo.

"Mama," alisema, "nimekuja kukuomba. Kama hutajali, naomba nipige enanga yako kidogo."

Yako. Alilisema bila kejeli, ningeisikia. Nikapanda stuli, nikaishusha kutoka kwenye kabati, nikampa kwa mikono miwili. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Nusu saa nzima alikuwa anailinganisha. Nilikaa sakafuni, simu iko jikoni. Alipiga wimbo wa mkwe, halafu mwingine nisioujua, halafu akarudia wa mkwe. Hakuimba. Hakunitazama, wala hakunifundisha, nami sikuthubutu kuomba.

Alipomaliza aliifuta kwa leso yake, mti wote, hadi chini. Akauliza ikae wapi. Nikaonyesha. Akataka kupanda stuli mwenyewe, nikamzuia, nikaiweka mimi.

Mlangoni alivaa kofia. Aliuliza kama atanisumbua akija kuomba tena Jumamosi ijayo. Nikasema karibu, Baba mdogo, siku yoyote. Akasema Jumamosi inatosha. Akanishukuru kwa kumkubalia, akateremka ngazi taratibu, ameshika ukuta.